Mahindi ya Shimoni

Njano huanzia machoni. Nakwambia mapema, wewe unayesoma haya ukiwa umeketi kwenye benchi la hospitali huku mtu wa kwenu akikunong'oneza jina la jirani, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Niliiona kwanza kwa mdogo wangu Etabo, asubuhi moja alipokuwa akinawa uso uani. Aliinua kichwa kutoka kwenye beseni, maji yakimtiririka kidevuni, na weupe wa macho yake haukuwapo. Mahali pake palikuwa na rangi ya kiini cha yai.

"Yaya Feza, unaniangalia hivi juu ya nini?" aliniuliza. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Macho yako, Etabo. Iko ya njano."

Akacheka. "Na yako je? Ulishajiangalia? Uko sawa paka ya soko."

Nikaenda kwenye kioo cha Mama. Alikuwa amesema kweli.

Sasa ninaishi. Nimerudi kufundisha, ninapanda kilima nikipumzika njiani, ninaandika. Ini langu lina kovu ambalo halitaondoka. Etabo yuko chini ya udongo mwekundu wa Baraka. Na kuna mtu wa tatu, ambaye hakuugua kabisa, naye ndiye ambaye ugonjwa huu ulimfanyia kitu ambacho hakuna daktari wa kukitibu.

Nyumba yetu iko mlimani, chini kidogo ya mji wa Fizi, mahali ambapo ukisimama nyuma ya jiko unaliona ziwa kule chini, jembamba, likimetameta kama bati jipya. Tulikuwa wanne humo: Mama; mimi; Etabo, aliyekuwa akishuka Lweba kuvua ndagala na kupanda mlima amebeba mzigo wa watu wawili; na Goreti, mke wa kaka yetu mkubwa, Mmunga. Mmunga mwenyewe alikuwa Misisi akichimba dhahabu, akija kutuona mara chache. Goreti ni Mrundi. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na Mmunga alimwona huko akiuza nyanya, akanunua nyanya kila juma hadi sote tukachoka kula nyanya. Mama alimpokea kwa mikono miwili. Shangazi yetu wa mji wa Baraka, kule chini ziwani, dada wa marehemu baba, alimpokea kwa mkono mmoja.

Mwanzoni mwa mwaka ule, mahindi yakiwa bado mabichi mabichi kwenye magunzi, milio ya risasi ilianza kusogea. Kwetu kila mtu anajua la kufanya. Wenye bunduki hawaji kubeba kitanda, wanakuja kubeba chakula. Kwa hiyo unavuna kabla mahindi hayajakauka, unapukuchua haraka haraka, unachimba shimo nyuma ya migomba, unalitandika majani ya ndizi na turubai la plastiki, unamwaga mahindi, unafunika, kisha unapanda matembele juu yake ili udongo usionekane mpya. Mama alifundishwa kazi hiyo na mama yake. Alilijivunia shimo lake kama wengine wanavyojivunia mtoto aliyesoma. Katika kila kukimbia kwetu kwa zamani, shimo la Mama lilitungoja na kutulisha.

Lakini zamani tulikuwa tukikaa mbali siku chache tu. Safari hii tulikaa Baraka, kwa shangazi, karibu msimu mzima wa mvua. Tuliporudi, mlango ulikuwa umeng'olewa na mabati ya upande mmoja hayakuwapo. Shimo lilikuwapo. Mama alipoona matembele yake yamestawi bila kuguswa, alipiga vigelegele peke yake katikati ya ule ukiwa.

Alipofunua, mvuke ulitoka, wa joto, kama pumzi ya mnyama aliyekuwa amelala humo. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, na juu ya mabonge kulikuwa na vumbi la kijani, laini, zuri kutazama kama poda.

Mama si mzembe. Naomba uelewe hilo kabla ya kumhukumu mama yeyote. Aliyachambua mahindi yale punje kwa punje. Yaliyokuwa meusi aliwatupia kuku. Yaliyobaki aliyaosha kwa maji ya majivu, akayaosha tena, akayaanika juu ya mkeka, akayageuza kwa mkono jua likizunguka, hadi yakawa meupe na yanalia yakimwagwa. Hakuna mwanamke mlimani ambaye angeyasafisha zaidi. Kuku walipokufa, hatukushtuka. Kuku hufa kila mwaka. Na kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo, Mama aliamua kula muhogo mkavu uliobaki ndani, ili mahindi yatutoshe sisi.

Goreti ndiye aliyekuwa akipika. Siku ya kwanza alipomimina bunga, unga wa mahindi yale, katika maji yanayochemka, aligeuza uso.

"Mama, hii bunga iko na harufu."

"Ni harufu ya shimo," Mama akasema. "Ikiiva inatoka."

"Haitoke, Mama. Mi naisikia mpaka mu kichwa."

Shangazi alikuwa amepanda kututembelea siku hiyo. Akacheka kwa pua. "Muangalie! Mutu ya kambi leo anachagua chakula."

Sasa, kwetu kuna desturi, na utaijua kama wewe ni wa Kivu. Aliyepika huonja kwanza mbele ya wanaokula. Anamega tonge, anachovya, anameza, ndipo anawasukumia sahani. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tunachukiana. Tunafanya kwa kuwa katika nchi yetu mtu akifa ghafla watu huulizana alikula kwa nani, na kuonja ni namna ya kusema: mimi na wewe tuko katika sahani moja. Goreti alikuwa akionja siku zote. Kuanzia siku ile hakuweza. Alimega tonge, akalifikisha mdomoni, akalirudisha, akatoka nje. Akala viazi vitamu baridi peke yake karibu na mafiga. Etabo alichukua sehemu yake na kuila pamoja na ya kwake. "Shemeji anafunga na kuomba," alisema, "na mi nakula kwa ajili ya wenye zambi." Alikuwa na umri ule ambao njaa haina mwisho. Alikula kuliko sisi sote, na hiyo ndiyo sababu iliyomwua.

Baada ya njano, mwili ulianza kutugeuka. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Kila kitu nilichokipenda kikaninukia vibaya. Ngozi iliniwasha mahali ambapo mkono haufiki. Miguu ilivimba, kidole ukikibonyeza kinaacha shimo, kisha tumbo likaanza kujaa, mimi msichana ambaye sijaolewa nikatembea nikiwa nimelishika tumbo kwa mikono miwili, na wanawake njiani wakinitazama tumbo kwanza na uso baadaye.

Tulishushwa Baraka kwa pikipiki, mimi nimefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili nisianguke. Shangazi alitutazama mara moja tu pale mlangoni.

"Hii ni karuho," alisema. Ndivyo tunavyoiita sumu ya kupewa na mtu. "Nani anawapikia?"

Alikuwa akilijua jibu.

Kwa hiyo hatukwenda hospitali. Tulipelekwa kwa mzee wa miti anayetoa watu sumu. Alitunywesha kikombe cha majani machungu. Ukitapika, alisema, basi una sumu. Sijui mtu gani angekunywa kile kitu asitapike. Etabo alitapika hadi akawa anatapika hewa, kisha damu kidogo. Tulirudishwa kwa mzee yule tena na tena. Ikiwa leo macho yako ni ya njano, usizitumie siku zako huko. Nenda hospitali, na mpe muuguzi jina la chakula ulichokula, si jina la mtu.

Tulipofika hospitali hatimaye, kiangazi kilikuwa kimeanza, na upepo wa ziwa ulikuwa ukipuliza vumbi chini ya mlango wa wodi. Walituweka vitanda viwili vinavyotazamana. Walituning'inizia chupa za serumu. Etabo alikuwa amekonda usoni na kuvimba tumboni, na bado alitafuta mzaha.

"Yaya, tukitoka hapa, mi naenda kuomba kazi ku barabara."

"Kazi gani?"

"Nasimama tu. Gari zikiona hii macho ya njano zinajua hapa ni kupunguza mwendo."

Nilicheka hadi tumbo likaniuma. Mwanamke wa kitanda cha pembeni, ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua, alicheka pia, kisha akaokota gunzi kavu kwenye kikapu chake cha kuwashia moto na kuja kunikuna mgongo pale mkono wangu usipofika. Hadi leo nikifikiria peponi kukoje, naanzia hapo: gunzi, mgongo, na mtu asiyeniuliza chochote.

Katika hospitali zetu, mgonjwa hupikiwa na watu wake. Mama alikuwa ameshuka na bunga la nyumbani. Alipika uji nje, chini ya kibanda cha wauguzaji, akaukoroga hadi ukawa laini, akaupuliza, na kumlisha Etabo kwa kijiko. Etabo hakutaka. Mama alimbembeleza kama mtoto mchanga. "Kula, baba. Bila chakula damu haitarudi." Akala kwa ajili yake.

Alikufa mchana, wodi ikiwa imejaa watu na sauti. Alikuwa amelala usingizi mzito tangu jana yake, akitaja nyavu na majina ya samaki. Mama alikuwa ameshika bakuli.

Msibani sikuwapo, sikuweza kusimama. Mama alinisimulia baadaye, mara moja tu, bila kunitazama. Goreti alishuka mlimani kwa miguu kuja kumlilia shemeji yake. Alifika uani kwa shangazi. Bukari, yaani ugali wa waombolezaji, ilikuwa imeletwa, na ndani yake kulikuwa na bunga letu, lile lililobaki hospitalini. Shangazi alimega tonge akamwekea mkononi.

"Onja," akasema. "Leo utaonja mbele ya bantu bote."

Goreti alilifikisha puani. Akatapika palepale, juu ya mkeka wa kilio.

"Niko na mimba," akasema. "Mama, niko na mimba, sikukuwa nimeisema bado. Ile harufu tu."

"Mimba ya leo!" shangazi akapaza sauti. "Mumusikie! Chakula alipika yeye, na kukionja hawezi. Munataka bushahidi gani tena?"

Vijana walianza kuokota mawe. Mchungaji mmoja alisimama kati yao na lango, na hilo ndilo lililomwokoa. Goreti alimtazama Mama. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanawe yuko ndani ya sanduku, na hakufungua mdomo. Goreti akatoka. Akatembea hadi Lusenda, kwa mama yake, kandambili moja ikiwa imebaki uani kwa shangazi.

Mimi walinirudisha nyumbani kwa shangazi, na nikawa wa kwenda hospitali kila tumbo lilipojaa, wanitoboe sindano na kulitoa maji. Kiangazi chote nilikihesabu hivyo: kujaa, kutolewa, kujaa. Tumbo likitolewa maji, nyumba nayo ilijaa maneno. Mmunga alirudi kutoka Misisi na kukuta mdogo amezikwa na mke amefukuzwa. Alimwuliza Mama: "Ulimuona akitia kitu?" Mama akasema hapana. "Basi kwa nini ulinyamaza?" Mmunga akaenda Lusenda, na Goreti akamwambia kupitia mlango uliofungwa kwamba atarudi siku ambayo mtu wa kwetu atakuja kumwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba yeye Goreti hakuua.

Ukweli ulitufikia kwenye benchi. Ilikuwa siku ya kutolewa maji, na benchi la kungojea lilikuwa limejaa akina mama wa milimani na wagonjwa wao. Watoto wawili walikuwa na macho kama yangu. Mzee mmoja pia.

"Wa kwako alipewa na nani?" mama aliyekuwa karibu nasi alimwuliza Mama, kama mtu anavyouliza bei ya chumvi.

"Banasema mukamwana yangu."

"Sisi ni muke mwenzangu. Nilishamufukuza na batoto bake."

"Kwetu ni jirani," akasema wa tatu. "Bavijana balishachoma nyumba yake."

Aliyekuwa na mtoto mapajani, mwanamke mdogo mwenye sauti ya mafua, akawatazama wote kwa zamu. "Basi bachawi ba milima yote baliamuka siku moja?"

Mtu akacheka. Kisha yule mwanamke mdogo akauliza: "Ninyi mulikimbia?"

"Tulikimbia."

"Na mahindi?"

"Tulitia mu shimo, sawa bantu bote."

"Yetu maji iliingia."

"Yetu ilikuwa na moto. Unatia mukono unasikia kuungua."

"Na lile vumbi ya kijani."

"Mi nilikosha na majivu, ikakuwa safi."

"Na mi nilikosha na majivu," Mama akasema.

Nilisikia upepo ukiburuta karatasi uani. Muuguzi akaita jina langu, akaliita tena, na Mama, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kusimama, hakusimama.

Daktari alituambia kwa maneno mepesi, nami nakupa kama alivyotupa. Ule ukungu una sumu. Sumu inaingia ndani ya punje na kubaki humo hata ukungu ukifutwa. Maji hayaiondoi, majivu hayaiondoi, moto wa jiko hauiui. Hakuna dawa ya kuitoa mwilini. Kuna kuacha kula, na kungoja kuona kama ini litataka kuendelea.

Mama aliuliza swali moja. "Na uji?"

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, nikamshika Mama mkono.

Kesho yake alipanda mlimani. Alilitoa bunga lote, na mahindi yote, hata mbegu alizokuwa amezichagua, akayarundika uani na kuyamwagia mafuta ya taa. Kilikuwa kipindi cha njaa, majirani wakaja mbio.

"Mama Mmunga, unachoma chakula?"

"Si chakula."

"Nipe mi nipikie pombe."

"Pombe nayo itaua."

"Na njaa haiue?" mwanamke mmoja akamwuliza. Aliketi mbele ya moto hadi kila kitu kikawa majivu, ili mtu asije kuyakusanya mahindi yeye akishaondoka.

Mvua ziliporudi, tumbo langu lilichelewa kujaa. Kisha likachelewa zaidi. Siku moja nilisikia harufu ya ndagala wakikaangwa kwa jirani, na mate yakanijaa mdomoni. Nilikaa chini nikalia kwa sababu ya mate. Ikiwa uko katikati ya kujaa na kutolewa, subiri harufu ya aina hiyo. Kwangu ilikuja kabla ya nguvu, kabla ya weupe wa macho.

Mama alipanda tena. Safari hii aliyaacha mahindi shambani hadi magunzi yakainamisha vichwa, akayatandaza juu ya kichanja kirefu, mbali na ardhi, na kila wingu lilipotokea alikimbia kuyafunika na kila jua lilipotoka alikimbia kuyafunua. Alivunja punje kwa jino. Iliyokuwa laini aliirudisha juani. Hakuchimba shimo. "Wakikuja, wayachukue," alisema. Na yalipokauka, alijaza gunia dogo, akanipa mkono, tukaenda Lusenda.

Goreti alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha mama yake, mtoto wa kike mgongoni. Hakusimama. Mama yake alituletea mkeka, akarudi ndani.

"Goreti," Mama akasema. "Haukuua mwana wangu. Ni mi. Ni mahindi yangu, na ile uji. Ulisema iko na harufu, na mi nikakataa. Na siku ile ku kilio ningeweza kufungua kinywa. Nimekuja kuisema hapa, na nitaenda kuisema kwa shangazi, mbele ya bantu bale bale."

Goreti alinitazama mimi, macho yangu hasa, kwa muda mrefu. Kisha akalivuta gunia. Akamwaga mahindi kwenye ungo, akayachota kwa kiganja na kuyanusa. Akachota mengine, ya chini, akayanusa. Tulingoja kama tulivyongoja kwenye lile benchi. Mtoto mgongoni alitoa mkono mmoja akaupungia hewa.

"Yamekauka," Goreti akasema.

Akaenda kuyasaga. Akasonga bukari, akapika sombe, majani ya muhogo, na ndagala, nasi tukakaa pale mkekani tukisikia mwiko. Aliweka sahani katikati, akaketi, akanyoosha mkono kumega tonge la kwanza. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Usionje, mwana wangu. Mbele yangu usionje tena."

Goreti akautoa mkono wake taratibu. Akamega, akanusa, akala. Akaonja sombe. Akaonja ndagala. Akainua kikombe cha maji akanywa, akakiweka chini mbele ya Mama, huku akimtazama.

Kisha akatusukumia sahani.

"Sasa mukule," akasema.

Tukala.